Lushoto kwa Mwendo wa Fimbo

Kwa mtu akaaye Korogwe, milima ya Usambara ni kama jirani asiyetembelewa. Asubuhi ukifungua dirisha unaiona, jioni unaiona, sokoni unanunua kabichi na karoti zake, lakini miaka inapita hujapanda. Sisi tulikaa hivyo miaka 19. Sababu hazikukosekana: watoto, zamu za usiku hospitalini, na shughuli za kanisa ambazo haziishi.

Halafu mwaka jana Baba watoto akapata kiharusi, upande wa kushoto, na nyumba yetu ikageuka wodi. Vidonge saa moja asubuhi, mazoezi ya mkono saa tatu, presha kupimwa mara mbili kwa siku na kuandikwa kwenye daftari. Akina mama waliowahi kuuguza waume zao watatuelewa tukisema kwamba maongezi yetu yalikuwa yamebaki hayo tu: umemeza dawa? umelala vizuri? mguu unaumaje? Tulikuwa muuguzi na mgonjwa wake, wanaoheshimiana sana.

Ndoa yetu ilipotimiza miaka 22 watoto walichanga fedha wakatuambia, "Nendeni mahali, hata siku moja." Tulifikiria mengi. Kuna watu wanaosafiri mbali hadi kwenye mabustani makubwa ya starehe, wakalipa kiingilio ili waone maua ndani ya nyumba za vioo. Sisi tukasema, maua yapo hapo juu, mwendo wa asubuhi moja. Daktari wa kliniki aliturudishia daftari la presha akasema safari inafaa, ila tusikimbizane na saa.

Kutoka Mombo barabara ya lami inaacha joto la bondeni na kupanda kilomita 33 hadi Lushoto mjini. Konda wa kosta alitupa kiti cha mbele bila kuombwa, Mungu ambariki. Kona ni nyingi, hivyo anayechafukwa na tumbo atafune tangawizi kabla ya safari, asingoje kichefuchefu kianze. Tulipita Soni, ambako maporomoko ya maji yanaonekana kando ya barabara, na kuanzia hapo hewa ikawa nyingine kabisa. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliipenda kwa ajili ya baridi yake, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Jina lile limekufa, baridi imebaki. Ukienda kati ya Juni na Agosti chukua sweta, na mwenye pumu asisahau dawa yake.

Mjini tulikunywa chai, tukakodi teksi kuelekea Irente. Kabla ya kufika tulimwomba dereva asimame kwa mama mmoja mwenye vitalu, kwa kuwa tuliona mabanda yake meupe kutoka barabarani. Mama yule alitukaribisha kama wageni wake wa siku zote. Alipoiona fimbo alileta kiti, lakini Baba watoto akasema amekuja kutembea.

Banda la kwanza lilikuwa la nyanya. Ni miti na nailoni tu, lakini ndani yake unahisi umerudi Korogwe. Mama yule alitueleza kwamba adui wa nyanya huku juu ni maji yanayokaa kwenye majani. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, ugonjwa nao, ambao wakulima wanauita ukungu vile vile, unaingia shambani, na kwa siku chache tu nyanya zote huwa nyeusi. Ndani ya banda mvua haigusi jani. Maji hupita kwenye mipira yenye matundu na kudondoka tone tone kwenye shina. Mlangoni ameweka neti ya kuzuia kipepeo wa kanitangaze, na kila anayeingia lazima akanyage kwanza beseni la dawa. Hilo lilitufurahisha, maana ni utaratibu ule ule tunaoufuata wodini. Baba watoto, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo, aliikagua mipira ile kiungo kwa kiungo, na tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Banda la pili lilikuwa na neti nyeusi ya kivuli. Humo mlikuwa na vyungu vidogo vya maua ya zambarau, majani yake yana vinyweleo laini kama sikio la sungura. Hili ndilo ua ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika, na wengine huliita urujuani wa Usambara. Huko Ulaya na Marekani limejaa kwenye madirisha ya nyumba, na wapo wenye vyama vya kulikuza na kulishindanisha. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima huu tulikuwa hatujaliona kwa macho hata mara moja!

Historia yake ni fupi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku Tanga, aliliona, akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Huyu ndiye aliyekuwa ametoa mwaka 1890 kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Baba yake alizifikisha mbegu kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika rasmi na kulipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini wauza maua wanaendelea na jina lao la zamani. Jina la Mshambaa aliyekuwa akiyapita maua haya kila siku akienda kuchota maji halimo katika maandishi hayo.

Porini ua hili hukaa kwenye miamba yenye kivuli, karibu na maji. Miti ikikatwa, jua linaupiga mwamba na ua linakauka, na ndiyo maana baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka katika milima hii hii. Mama wa vitalu alikuwa mkali kwa hilo: asiye na kitalu asichume porini. Yeye huzalisha kwa majani. Anakata jani lenye kikonyo chake, anakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, anafunika, na baada ya majuma kadhaa vichipukizi vinatokea chini. Ua likishakua, maji huwekwa kwenye kisahani chini ya chungu, maana maji baridi yakikaa kwenye majani yanaacha madoa. Halitaki jua kali wala giza. Tulinunua chungu kimoja. Baba watoto alisema atakibeba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Tulinyamaza, tukampa.

Chakula cha mchana tulikula kwenye shamba la Irente, linalomilikiwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Ni mahali patulivu pa miti mikubwa, na jirani ipo kazi kubwa ya kanisa, makao ya watoto yatima na shule ya wasioona. Walituletea mkate wa ngano isiyokobolewa, jibini, jemu na mboga za majani zilizochumwa hapo hapo. Jibini ina chumvi, na mwenye presha inampasa kuihesabu. Siku hiyo vipande viwili tuliviruhusu. Mkono ulipoingia kwenye mkoba kutafuta kipimo cha presha, Baba watoto alisema kwa upole, "Mama, leo usinipime. Kaa, tule." Kipimo kikabaki mkobani hadi jioni.

Kutoka hapo hadi ukingo wa Irente ni njia fupi, lakini kwetu ilichukua karibu saa nzima. Watoto wa shule walitupita wakatuamkia, "Shikamooni," mara mbili, wakienda na wakirudi. Halafu miti inakwisha ghafla, na mbele yako hakuna kitu. Jabali limekatika, na karibu mita 1,000 chini yako imelala Mazinde, barabara kuu, njia ya reli iliyofika Mombo mwaka 1905, na mistari ya mkonge iliyonyooka kama daftari la mwanafunzi. Mbali zaidi ni nyika ya Wamasai, hadi macho yanachoka. Wenye watoto wadogo wawashike mikono, ukingo ule hauna mchezo.

Tulikaa kwenye jiwe, mbali kidogo na ukingo. Baba watoto alizaliwa huko chini, kambini, baba yake akikata mkonge. Yeye mwenyewe alifanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge. Alinyoosha fimbo akaonyesha: pale palikuwa na duka, pale kisima, pale tulicheza mpira. Mkonge nao si mwenyeji. Ulifika pwani yetu mwaka 1893 ukitoka Florida, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Mwaka ule ule ua la mlimani lilikuwa likipewa jina huko Hannover.

Ndipo akatusimulia jambo ambalo kwa miaka 22 halijasemwa nyumbani kwetu. Alipokuwa mtoto, usiku kambini, alikuwa akitazama juu huku na kuona mianga ukingoni. Alidhani ni nyota zilizoshuka kupumzika. Mama yake hakumsahihisha. Alisema kila alipolala na njaa alizihesabu nyota hizo, na akajiapiza kwamba siku moja atapanda azione. Tulicheka, kisha tukakaa kimya muda mrefu, mikono ikiwa imeshikana, bila kuhesabu mapigo ya mtu.

Wenye miguu yenye nguvu waende pia msitu wa Magamba, ambako kuna mbega weusi kwa weupe. Sisi tuliuacha. Kosta ya saa kumi ilitushusha Mombo tukiwa na sweta mikononi na chungu chetu kikiwa salama. Njiani Baba watoto aliuliza habari za Amani, upande wa Muheza, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakapanda miti ya mkwinini, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakatengeneza huko huko kwinini ya askari wao. Tumekubaliana tuache kwanza mvua za masika ziishe, na kliniki ya mwezi ujao tutamwuliza daktari.