Sukari ya Novemba

Alta, Utah

Jumamosi, Februari 6, 2021
Habari imefika jikoni kabla ya chakula cha jioni. Korongo la Millcreek, la pili kaskazini mwetu: watu 8 wa skii wamekumbwa na poromoko la theluji, 4 wamekufa. Walikuwa wazoefu, tena wamevaa vifaa vya kutafutana chini ya theluji. Mimi nilidhani wanaokufa ni sisi wageni tusiojua kitu. Nimeosha masufuria yote bila kusema neno.

Jumatatu, Februari 8
Mzee wa doria ya mlimani amekuja kunywa kahawa. Nikamwuliza kama kinachoua ni wingi wa theluji. Akaomba trei, sukari na unga. Akamwaga sukari, akaifunika kwa unga, akaushindilia kwa kiganja, kisha akainua trei upande mmoja, polepole. Unga ukakatika kipande kizima, ukateleza hadi sakafuni.

Sukari, akasema, ndiyo theluji ya Novemba, ya mwanzo wa msimu. Ilianguka kidogo, halafu yakaja majuma ya ukavu. Juu baridi kali, chini ardhi ina joto kidogo; katikati theluji ikageuka chembechembe zisizoshikana. Dhoruba za sasa zimeitwisha mzigo, na upepo unaongeza. Mteremko wa nyuzi 30 na zaidi unatosha, na mara nyingi anayeufyatua mtego ndiye unaomfukia. Ukifukiwa, una kama robo saa ya kufukuliwa na wenzako. Waokoaji wa kutoka mjini hawawahi.

Unga niliufagia mimi.

Jumanne, Februari 16
Dhoruba haijakatika. Amri imetoka: hakuna kutoka nje, hata kwenda kwenye gari. Anayekiuka ana kesi. Barabara ya 210, ya pekee ya kushukia mjini, imefungwa, kwa sababu inapita chini ya makumi ya njia za maporomoko.

Mizinga ya jeshi imelia. Wanaipiga milima ili theluji ishuke wakati hakuna mtu chini. Dada wa Uvira, tunayekata naye mboga, akaangusha kisu, akajikunyata chini ya meza. Nikaketi naye.
"Dada, hii ni mizinga ya kuokoa watu."
"Sauti ni ileile," akanijibu.
Karoti tulizimalizia pale pale sakafuni.

Ijumaa, Februari 19
Tulifungiwa saa 60. Leo jua limetoka, mlima unameta hadi macho yanauma. Kijana mmoja mgeni, skii begani, ameniuliza njia ya kwenda nyuma ya mlima, kusiko na doria. Si dhoruba imepita? Mimi ni mwosha vyombo, nikampeleka kwa mzee. Mzee hakumkataza. Alimwuliza tu: mteremko unaouendea una nyuzi ngapi, na unakwenda na nani? Kijana akakosa majibu yote mawili. Akaegesha skii ukutani, akaagiza chai.

Kwetu Kigoma mvua ikikatika unaanika nguo. Huku anga likisafika ndipo watu wanatoka, na mzigo wote wa dhoruba umekalia sukari ya Novemba. Mzee anasema itakaa humo majuma mengi bado.