Nilimuamini kama ndugu, kumbe risiti zinasema mengine!

Jamani wadau, leo nina ya moyoni. Nina kamgahawa kangu hapa Dar, na mchele nachukua zaidi kwa kaka mmoja, mwaka wa nne huu. Jina namhifadhia. Bei yake sikuwahi kuibishia, maana msiba wa mama ulipotokea alishika jembe akachimba kaburi.

Juzi binti yangu akaingiza risiti zote kwenye Excel. Magunia hayalingani, kwa hiyo akatafuta bei ya kilo, mwezi kwa mwezi, muuzaji kwa muuzaji. Grafu ikatoka. Wengine wakipanda mwanzo wa mwaka, mavuno ya Mbeya yakiingia wanashuka. Huyu kaka akipanda, hashuki! Tofauti imefika shilingi 400 kwa kilo, na mimi napika kilo 30 kwa siku. Hiyo ni 12,000 kila siku, ada ya mtoto kabisa.

Nikamuonyesha simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, mbona hukuwahi kuuliza?" Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Kashusha 300 palepale. Bado nanunua kwake, ila risiti sasa inaingia kwenye simu siku hiyohiyo. Nyie mngemuacha?