Mgongo na Mzigo

Mgongo ni mhimili wa mwili, lakini ni mtumishi asiyesifiwa: hukumbukwa siku unapouma. Huko Mwandiga, kwenye barabara itokayo Kigoma kwenda Manyovu, kila mwenye mgongo unaouma ana sababu yake. Mmoja husema ni uzee, mwingine ni figo, wa tatu ni mkono wa mtu. Uzee una sehemu yake, na figo huweza kuuma. Lakini sababu zilizo nyingi hazikujificha. Zimo katika kazi ya kila siku.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya moja, na kati yake mna gegedu za kupunguza kishindo. Mkulima ainamaye na jembe tangu alfajiri huchosha misuli na kano zinazoushikilia uti huo. Mwanamke anyanyuaye dumu la mawese kwa kukunja kiuno badala ya magoti huutwisha mgongo kazi ya miguu. Mwendesha bodaboda hudhuriwa na mtikiso wa njia. Na karani aketiye kutwa huumia kwa kutotembea. Gegedu likitokeza likabana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka mpaka mguuni.

Mchukuzi wa sokoni ana dhiki zaidi. Katika karne ya 19, mpagazi wa misafara ya Ujiji alitwikwa kwa kawaida ratili 60 au 70, kadiri ya kilo 30, akaenda nazo kwa miezi. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilimpokea mzigo huo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Hata hivyo gunia la lumbesa huweza kupita kilo 100. Alipwaye kwa gunia halipwi kwa uzito: kilele cha lumbesa ni faida ya mnunuzi na deni la mgongo wa mchukuzi.

Maumivu mengi hupoa katika majuma machache, na kulala kitandani siku nyingi huchelewesha nafuu. Lakini ganzi ya miguu, mkojo usiozuilika, homa au kukonda ni ishara za kwenda hospitali upesi, kwa kuwa kifua kikuu nacho huweza kuingia katika uti wa mgongo. Dawa hutuliza maumivu yaliyokwisha kuingia. Mizani ya haki huyazuia yasiingie.