MREMBO APAKA LAKA MEZA YA MAREHEMU MAMA, MEZA YAIKATAA!

Kuna mrembo mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, Instagram wanamjua kwa kupamba vyumba. Mwezi wa nne alichukua meza ya mninga ya marehemu mama yake, akaahidi mashabiki wataiona mpya ndani ya siku tatu. Kaka yake alitaka iuzwe tu. Wakakubaliana: ikipendeza inabaki, ikibuma inaenda.

Ikabuma.

Alitoa laka ya zamani, akapiga msasa, akapuliza mpya. Muda si muda vikatokea vishimo vya duara kama macho ya samaki. Akadhani laka haijatosha, akaongeza. Vikazidi! Kesho yake mvua inanyesha, yeye anapuliza tu. Safari hii meza yote ikaingia ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Kaka mtu kuiona akacheka, akampigia simu mnunuzi: njoo Jumapili.

Dada wa watu alilia. Asubuhi akamfuata fundi mmoja mzee kule Keko, akamwamkia, akamwonyesha picha. Mzee akauliza kitu kimoja tu:

"Mwanangu, mama alikuwa anaifuta na nini?"

Hapo akakumbuka. Kila Jumamosi mama alipulizia ile dawa ya kopo ya kung'arishia fanicha, anasugua mpaka ajione uso. Miaka na miaka.

Mzee akamwelewesha. Dawa nyingi za hivyo zina silikoni, inaingia kwenye mbao, na laka ikifika pale inakimbia. Kuongeza laka ni kazi bure. Ukungu nao ni wa masika: tina inaruka haraka, inaupoza uso wa meza, basi unyevu wa hewani unanasa kwenye laka.

Dawa yake? Toa laka yote. Futa kwa tina, ukibadilisha kitambaa kila mara, maana kilekile kinarudisha uchafu. Paka shelaki nyembamba ifungie silikoni iliyobaki. Ikikauka, msasa laini namba 320, halafu laka nyepesi nyepesi, siku kavu, barakoa usoni, madirisha wazi, moto mbali.

Akasubiri mvua ikatike siku nne. Mashabiki wanamsema, yeye kimya. Jumamosi akapuliza. Meza ikatulia kama maji ya mtungini.

Jumapili kaka akaja na mnunuzi na guta lake. Akapitisha mkono juu ya meza, akafika kwenye kona yenye alama nyeusi ya pasi. Dada alikuwa ameiacha makusudi. Kaka akasimama palepale.

"Hapa si ndipo mama alikuwa ananinyooshea yunifomu?"

Guta liliondoka tupu.

Wewe je, nyumbani kuna kitu cha mzazi ambacho ndugu wanataka kiuzwe? Tiririka hapo chini.