Nilisoma Jina Langu Tu

Mimi ni mkulima wa pamba na mtama. Nina watoto wanne. Mume wangu alifariki zamani. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Tulikuwa tunakutana shuleni saa kumi alasiri, tukitoka shamba. Siku nilipoandika jina langu kwa mara ya kwanza nililia. Mpaka siku hiyo nilikuwa natia dole gumba tu.

Leo nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mwaka 2014. Nalieleza ili ninyi msilifanye.

MPANGO UNAFIKA KIJIJINI

Mwaka ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulifika kijijini kwetu. Mpango huu ulikuwa wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko huo ulianza mwaka 2000. Mwanzoni ulisaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa kuzipa kaya maskini fedha mkononi.

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kaya zilizochaguliwa zililipwa kila baada ya miezi miwili. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa. Lakini kulikuwa na masharti. Watoto wakubwa waende shule. Watoto wadogo wapelekwe kliniki.

Je, kaya hizo zilipatikanaje? Fedha hazikumtosha kila mtu. Kwanza tuliitwa mkutanoni. Tulikubaliana maskini kabisa ni mtu wa namna gani kijijini kwetu. Tukawachagua wenzetu wapite nyumba kwa nyumba na kuandika majina. Kisha kaya zilizoandikwa ziliulizwa maswali. Mko wangapi? Nyumba imeezekwa kwa nini? Mna mifugo gani? Majibu yakapimwa. Mwishoni majina yakarudi kijijini. Yalirudi ili sisi wenyewe tuseme: huyu anastahili, huyu hastahili, na yule amesahauliwa.

Hapo ndipo nilipokosea.

KOSA LANGU

Siku chache kabla ya mkutano, karatasi ya majina ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya kijiji. Nilikwenda kuisoma. Niliweka kidole kwenye karatasi, nikashuka nacho jina moja moja. Nilipofika katikati niliona jina langu. Moyo ulinidunda. Sikusoma tena. Niliondoka mbio kwenda kuwaambia watoto.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mzee. Alikuwa anawalea wajukuu watatu waliofiwa na wazazi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Siku wenzetu walipopita kuandika majina, yeye alikuwa hospitali akimwuguza mjukuu. Mlango wake ulikuwa umefungwa.

Jioni ile alikuja kwangu taratibu na fimbo yake. Akaniuliza:

"Mwanangu, wewe unajua kusoma. Jina langu lipo?"

Nikamjibu: "Lipo, Bibi. Bila shaka lipo. Nani asiyejua shida zako?"

Ndugu zangu, sikuwa nimeliona jina lake. Nilidhani tu. Niliona haya kusema kwamba nilisoma nusu ya karatasi.

Siku ya mkutano Bibi hakuja. Mguu ulimwuma, tena alitegemea neno langu. Majina yalisomwa moja baada ya jingine. Nilisikiliza mpaka nikasikia langu. Baada ya hapo nilikuwa nawaza mbuzi nitakayemnunua. Mwenyekiti aliuliza mara mbili: "Kuna mtu amesahauliwa?" Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Sikusema kitu. Mkutano ukayapitisha majina.

Siku ya malipo ya kwanza Bibi alikuja. Alikaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Watu waliitwa, wakalipwa, wakaenda zao. Jua likaanza kushuka. Yeye hakuitwa. Nilipokwenda kumwinua, alinitazama akasema: "Labda uliona jina la mtu mwingine, mwanangu." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kesho yake nilikwenda naye ofisini. Niliandika barua kwa mkono wangu. Lakini orodha ilikuwa imekwisha pita. Tangu siku hiyo, kila nilipolipwa nilimpelekea Bibi debe la mahindi. Lakini debe langu lilikuwa hisani. Jina lake katika orodha lingekuwa haki. Bibi alifariki mwaka 2018. Jina lake halikuwahi kusomwa.

HESABU NA MAJIRANI

Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa kisomo: "Serikali inajuaje maskini ni wangapi?" Akanieleza habari ya takwimu. Takwimu ni hesabu ya mambo ya watu. Wahesabu huchagua kaya katika mikoa yote. Huziuliza zinakula nini na zinatumia fedha kiasi gani. Kisha matokeo hutangazwa, na kila mwananchi ana ruhusa ya kuyajua.

Kwa mfano, hesabu ya mwaka 2011/12 ilionyesha kwamba Tanzania Bara, katika kila watu 100, watu 28 hawakuweza kupata mahitaji yao ya lazima. Hesabu ya mwaka 2017/18 ilionyesha watu 26. Kipimo cha safari hiyo kilikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Aliyetumia chini ya hapo alihesabiwa kuwa maskini.

Nilifikiri sana juu ya hesabu hizo. Zinatwambia maskini ni wangapi. Hazitwambii ni nani. Ni nani, tunajua sisi majirani. Sisi ndio tunaoona jiko gani halitoi moshi jioni. Kwa hiyo orodha hubandikwa ubaoni ili hesabu ya serikali ikutane na macho ya jirani. Jirani akinyamaza, kazi ya wahesabu hubaki nusu.

FEDHA ZIKITANGAZWA HUFIKA

Mwalimu alitueleza pia habari ya jirani zetu wa Uganda. Serikali yao ilikuwa inapeleka fedha za ruzuku kwa shule za msingi. Wachunguzi walifuatilia fedha za mwaka 1991 mpaka 1995. Waliona kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Wazazi wengi hawakujua hata kwamba kuna fedha.

Basi serikali ikaanza kutangaza fedha hizo magazetini. Shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Mwaka 2001 wachunguzi walipima tena. Safari hii, katika kila shilingi 100, zaidi ya shilingi 80 zilifika. Mambo mengine pia yalibadilika nchini humo miaka hiyo. Lakini wazazi walikuwa wamepata kitu ambacho hawakuwa nacho zamani. Walijua kiasi cha kuulizia.

TUSOMEJE KARATASI?

Ndugu wasomaji, sisi wakulima tunajua kupalilia. Hatupalilii mistari miwili tukaenda nyumbani. Tunakwenda mstari kwa mstari mpaka mwisho wa shamba. Karatasi ya ubaoni nayo isomwe hivyo hivyo. Mimi siku hizi najiuliza maswali manne:

1. Karatasi hii inahusu nini, na ni ya tarehe gani?

2. Ni watu wangapi, au fedha kiasi gani?

3. Nani yumo? Je, aliyekufa au aliyehama bado yumo?

4. Nani hayumo, ingawa shida yake inajulikana?

Swali la nne ndilo gumu. Jina lililopo huonekana kwa macho. Jina lisilokuwapo halionekani, mpaka mtu alikumbuke.

Kama unaona jambo haliko sawa, usilinong'one kisimani. Liseme mkutanoni. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeupa mkutano huo madaraka makubwa kijijini. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Si lazima uwe msomi ili uulize. Kuuliza si ujinga.

NAFANYA NINI SASA?

Mwaka 2020 ilizinduliwa awamu nyingine ya mpango ule. Uhakiki ulipofika kijijini kwetu, nilichukua daftari langu la kisomo. Nilinakili majina yote ubaoni. Kisha nilipita kwa wazee wasiojua kusoma na kwa wagonjwa wasioweza kutembea. Nilimsomea kila mmoja. Jina lilipokuwapo nilisema lipo, nikamwonyesha lilipoandikwa. Lilipokosekana nilisema halipo. Mkutanoni nilisimama na daftari mkononi. Magoti yalinitetemeka, lakini nilisema.

Mjukuu mkubwa wa Bibi alikuwa amesimama nyuma, pamoja na vijana wenzake. Mkutano ulipokwisha alikuja akaniomba lile daftari. Alilisoma kimya, tangu jina la kwanza. Hakunirudishia mpaka alipofika mstari wa mwisho.