Pa Kutundika Machela

Barabara iendayo Isongole huanzia mahali paitwapo Mpemba. Msomaji wa visiwani asishituke: jina hilo halina nasaba na Pemba ya karafuu. Ni pahala nje kidogo ya mji wa Tunduma, ambapo msafiri huiacha barabara kuu ya Zambia na malori yake, akashika njia nyingine, ya lami siku hizi, inayopita katika vilima vya Ileje kwa takriban kilomita 50 mpaka mpakani mwa Malawi. Ng'ambo ya pili ni Chitipa, ambayo zama za Waingereza iliitwa Fort Hill. Tunduma halali, tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019, malori ya shaba na mafuta yamekuwa yakipita huko. Isongole hulala mapema. Jua likizama nyuma ya vilima, baridi hushuka, milango hufungwa, na mgeni aliyechelewa hubaki na swali moja tu: alale wapi?

Kwa msafiri wa kawaida swali hilo lina jibu jepesi. Ataulizia gesti, atalipa, atapewa ndoo ya maji ya moto na ufunguo. Lakini tumchukue msafiri aliye peke yake, anayefuatana na mbwa na paka. Gesti itampokea yeye na kuwakataa wenziwe. Kulala garini, watatu ndani ya vioo vilivyofungwa, ni kutafuta hewa mpaka alfajiri. Ndipo anapotoa mkobani kitambaa cha kulalia, chenye kamba huku na huku, akatazama juu kutafuta miti miwili. Kitambaa hicho katika Kiswahili tunaweza kukiita machela, na ni katika jina hilo ndipo penye kisa.

Machela ni neno lililosafiri mbali. Hospitalini ni kile kitanda cha turubai na miti miwili anachochukuliwa mgonjwa. Na huko milimani, mahali pasipofika gari, mgonjwa angali akibebwa kwa machela ya blanketi na mianzi. Wareno ndio walioleta neno hilo pwani ya Afrika, nao walilipata Bara Hindi. Katika nchi za Nyasa, mwishoni mwa karne ya 19, machela ilikuwa chombo cha wakubwa: kitambaa kilichoning'inizwa katika mti mmoja mrefu, Mzungu amejinyoosha ndani yake, wapagazi wawili wamejitwika mti mabegani, na wengine kumi au zaidi wakikimbia kando wakingojea zamu. Machela ya kutundika baina ya miti iliyosimama ni jambo jingine kabisa. Hiyo asili yake ni kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao mabaharia wa Columbus waliwakuta wakiilalia mwaka 1492. Kumbe nayo ni mali ya watu wa visiwani.

Tofauti ya machela hizi mbili si ya kamba wala kitambaa. Aliyebebwa hakuwa na haja ya kuuliza atalala wapi. Swali hilo lilikuwa la kirangozi na wapagazi wake. Wao ndio waliojua maji yako wapi na kuni ziko wapi, kijiji gani kina njaa na hakipendi wageni, mtawala gani hutaka hongo kabla mzigo haujatuliwa, pori lipi lahitaji boma la miiba usiku. Yule aliyekuwa machelani aliamka akakuta hema limesimama na chai inachemka, kisha akaandika kitabu. Elimu ya kuchagua kambi ilibaki vichwani mwa waliobeba, na aghalabu ikazikwa nao. Ni wachache wa upande wetu waliopata kuandikwa: katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo aliouchapisha Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1901, mna simulizi ya Salim bin Abakari juu ya safari yake ya Nyasa, mtu huyo huyo aliyefika mpaka Urusi na Siberia. Laiti tungekuwa na kumi kama yeye!

Na nchi hii ya Isongole ilipitiwa mno. Mwaka 1881 James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa ahadi ya pauni 4,000 ili ijengwe barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kazi ilianzia Karonga. Mhandisi wake, James Stewart, akafariki mwaka 1883, na barabara haikupata kukamilika. Walakini jina lake lilitosha kugawa nchi. Katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulichorwa kuufuata Mto Songwe ili barabara hiyo isiyokamilika ibaki mikononi mwa Waingereza. Walambya wakajikuta huku na huko. Karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyoiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Hivyo Mzanzibari anayefika Isongole amefika mahali asipopajua, palipokatwa kwa mkasi uleule uliomkata yeye.

Msafiri wetu wa leo hana kirangozi. Yeye ndiye mbebwaji na yeye ndiye mbebaji. Ile elimu ya kambi hana budi kuianza upya, mti kwa mti. Hutafuta miti miwili migumu, iliyo hai, iliyoachana kwa hatua nne au tano. Huitazama matawini kabla ya kuitazama shinani, kwani tawi kavu halitoi hodi. Mwembe una kivuli kizuri, lakini wakati wa maembe una mabomu yake. Muyombo wa porini ni imara, ila pori lenyewe liko mbali na watu. Huepuka ukingo wa mto, hata ukiwa na kijito chembamba, maana mvua ya Desemba inayonyesha kilimani haiko mbali na aliyelala bondeni. Songwe wenyewe, huko chini karibu na ziwa, umezoea kuhama njia yake, na shamba lililokuwa Tanzania likaonekana upande wa Malawi. Tena kuna jambo ambalo mtu wa pwani halifikirii mpaka limkute: baridi ya Juni na Julai haitoki juu, hutoka chini. Blanketi likilaliwa hugandamana na kukosa joto. Machela hupigwa na upepo mgongoni usiku kucha. Asiyeweka mkeka au tandiko nene chini yake ataamka saa nane akitetemeka, na chandarua chake kizuri kikimtazama.

Hayo ni ya mwili wake tu. Wale wawili wana mahitaji yao. Paka hana shida: atalala tumboni mwa bwana wake, na watu wa pwani, wanaomjua Abu Huraira na lakabu yake, hawatamkunjia uso. Mbwa ndiye mwenye kesi. Akifungwa kamba fupi chini ya machela, siafu wakipita hana pa kukimbilia. Akiachwa huru, hukutana na mbwa wa kijiji, au fisi. Na hata akitulia, kijiji kina haki ya kumtazama kwa shaka. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, ni nadra mno apone. Mama anayewaita watoto ndani aonapo mbwa mgeni hana ushamba wowote. Cheti cha chanjo, chenye muhuri na tarehe, kwa hiyo si karatasi ya kuonyesha forodhani peke yake. Ni salamu ya kwanza kwa mwenyeji, na hutolewa kabla ya kuulizwa.

Kwetu pwani mbwa ana uzito mwingine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumekulia humo, mate yake ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ni sheria ya tohara. Lakini mara nyingi imegeuzwa leseni ya kumpiga mawe kiumbe asiye na kosa. Anayefanya hivyo amesahau Watu wa Pangoni. Vijana wale walioikimbia miji yao kwa ajili ya imani hawakuwa na gesti. Walipata pango, wakalala humo miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Qurani inapotaja kauli za watu juu ya idadi yao, kila hesabu inamtaja na mbwa. Hakuingia kitandani mwao, wala hakufukuzwa. Alikaa mahali pake, mlangoni. Kwa msafiri wa machela hakuna mfano ulio karibu zaidi.

Na yupo mbwa mwingine, wa historia ya juzi, aliyeanzia safari yake kwetu. Livingstone alipoondoka Unguja Machi 1866 alichukua ngamia, nyati, nyumbu wa kubebea mizigo na punda, akitaka kujua kama wataihimili mbung'o, hawakuihimili. Alikuwa pia na mbwa mdogo mwenye manyoya, Chitane. Bwana wake aliandika kwamba njiani alijifanya msimamizi wa msafara, akikimbia mbele kumtazama wa kwanza na kurudi nyuma kumbwekea wa mwisho. Na jioni, akishajua ni kibanda gani bwana wake amepewa, hakumruhusu mbwa wa kijiji akikaribie. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka kinamasi kirefu. Kila mtu alikuwa akishughulika na mguu wake na mzigo wake, na hakuna aliyemkumbuka Chitane. Aliogelea mpaka akafa. Watu wote wale, na hakuna jicho moja lililobaki nyuma kwa ajili ya yule aliyelinda milango yao. Aliye peke yake angalau hana wa kumtegea.

Lakini upweke una bei yake, nayo hulipwa jioni. Vitabu vya safari hupenda kusema kwamba mahali salama ni mahali pasipoonekana: ingia porini, zima taa, usijulikane. Katika nchi hii ya vilima ushauri huo ni mbaya. Mtu aliyejificha karibu na mpaka, usiku, na mbwa, huitwa mwizi wa ng'ombe au mpitisha magendo, na wanaomwita hivyo huwa wengi na wana marungu. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Na maskini mwenye akili hubisha hodi. Hubisha mapema, jua likiwa bado juu, kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, au kwenye uwanja wa misheni, au kwa mwalimu mkuu wakati wa likizo, kwani shule nyingi zina miti iliyopandwa kwa safu, kama kwamba aliyeipanda aliijua machela.

Mbwa humwacha garini kwanza. Huja mikono mitupu, huamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umetokea wapi?"

Huko kutokea wapi ndiko kwenye mazungumzo, miti hungoja. Husema jina lake, atokako na aendako, halafu ndipo amtaje mbwa, na chanjo yake, na kamba yake. Mzee atacheka akisikia habari ya kulala juu kama popo. Atamwita kijana aende akamwonyeshe ile miparachichi miwili nyuma ya zizi, na tangu hapo jambo limekwisha kuamuliwa: mgeni ana mwenyewe. Mlinzi wa zamu atajua, majirani watajua, na mbwa wa pale nyumbani, baada ya ugomvi mfupi, naye atajua. Usiku huo akibweka mmoja, atatoka mtu kutazama.

Asubuhi kuna forodha. Mtu atatoa pasipoti yake. Mbwa na paka watatolewa vyeti vyao na vibali vya idara ya mifugo, ambavyo asiyevitafuta mapema hurudishwa. Lakini kabla ya hapo, wakati machela ikikunjwa na umande ukipanguswa, mwenyeji atauliza leo ni kulala wapi. Chitipa? Basi huko yuko shemeji yake, nyumba iko nyuma ya soko. Lugha ni ile ile ya Kilambya, na uwanjani pake kuna miembe.

"Mwambie umelala kwangu," atasema. "Na mbwa mtaje mapema."