Ngamia, Mbingu, Milima na Ardhi: Maandalizi ya Safari ya Arizona



Katika Suratul Ghaashiya, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuelekeza tuvitazame vitu vinne: ngamia, mbingu, milima na ardhi. Hatukutarajia kwamba aya hizo ndizo zingetupangia safari ya likizo, tena si ya Oman wala ya Misri, bali ya Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, nchi ambayo watoto wetu wanaijua kwa filamu za wachunga ng'ombe wenye kofia pana na bastola viunoni.

Kaka yetu anaishi huko na familia yake, katika mji wa Phoenix, naye ametualika mwezi wa Desemba shule zitakapofungwa. Alhamdulillah, viza zimepatikana. Nauli tumeidunduliza kwa miaka mitatu, bila mkopo wa riba na bila kugusa akiba ya Hija ya mama yetu. Tulipokaa kupanga njia, watoto walichagua Monument Valley, bonde la majabali mekundu ambako filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 ilipigwa. Mama watoto alichagua bonde kuu la Grand Canyon. Sisi tulichagua msikiti wa Abiquiú, katika jimbo jirani la New Mexico.

Lakini lilikuwapo jambo jingine lililotukalia moyoni. Kaka yetu ana kijana wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa huko huko. Hivi karibuni, akizungumza na bibi yake kwa simu, alimweleza kwamba shuleni halitumii tena jina alilopewa siku ya akika yake. Walimu hulitamka vibaya na wenzake hulicheka, basi amejichagulia jina fupi la Kizungu. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza kama bado anaswali. Akajibu, "Nyumbani ndiyo, bibi." Usiku ule mama yetu hakulala vizuri, na sisi pia.

Ndipo tukaamua kwamba kituo cha kwanza kitakuwa Quartzsite, mji mdogo wa jangwani ulio kiasi cha kilometa 200 magharibi ya Phoenix. Watoto walinung'unika, kwa kuwa vivutio vyote vingine viko upande wa kaskazini na mashariki, na huko tunakwenda kutazama kaburi moja tu. Tukawasimulia habari za mwenye kaburi.

Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitenga dola 30,000 kwa ajili ya kununua ngamia wa kubebea mizigo ya jeshi katika jangwa. Mwaka uliofuata ngamia 34 wa kwanza waliteremshwa katika pwani ya Texas pamoja na watunzaji wao kutoka nchi za dola ya Uthmaniya. Mmoja wao alikuwa Haji Ali. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Ngamia walitumika katika msafara wa Edward Beale wa mwaka 1857, uliopima njia ya kwenda California, na walistahimili kiu na mizigo iliyowashinda nyumbu. Hata hivyo farasi na nyumbu waliwaogopa, kisha mwaka 1861 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mpango ukaachwa. Haji Ali alibaki Arizona. Mwaka 1880 alipochukua uraia alitumia jina la Philip Tedro, na mwaka 1902 akafariki. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake. Mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo hilo ilijenga juu ya kaburi lake piramidi ya mawe, na kileleni ikaweka sanamu ya ngamia wa shaba.

Hatuendi kuomba chochote kaburini, wala hatukusudii kumhutubia kijana wetu. Tunataka asimame pale alisome jina lile lililopotoshwa midomoni mwa watu, aone kwamba bado ndani yake mna Haji na mna Ali.

Baada ya ngamia tutaelekea kaskazini kuitazama ardhi. Grand Canyon ina urefu wa kilometa 446, na kina chake kinapita meta 1,600, kazi ya maji ya mto Colorado kwa amri ya Muumba wake. Wasomaji wasidhani jangwa ni joto tupu. Ukingo wa kusini uko kiasi cha meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Desemba huanguka theluji, kwa hiyo makoti ni lazima. Ukingo wa kaskazini hufungwa kwa magari wakati wa baridi.

Milima ya Monument Valley iko katika ardhi ya watu wa Navajo, ambao wenyewe hujiita Diné, na kiingilio hulipwa kwao. Mwaka 1864 jeshi liliwafukuza kwa miguu hadi New Mexico, wengi wakafa. Mwaka 1868 walitia saini mkataba uliowarudisha kwao. Ni wafugaji wa kondoo, na sheria yao inakataza pombe katika ardhi yao, jambo linalotupa utulivu tunaposafiri na watoto.

Na wachunga ng'ombe wenyewe? Filamu huwaonyesha kuwa Wazungu watupu, lakini kazi ile ilifunzwa na Wamexico, na baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865 Waafrika wengi waliifanya. Farasi waliletwa na Wahispania, na mtindo wa Kihispania wa kupanda kwa vikuku vifupi, uitwao jineta, ulichukua jina lake kwa Wazanata, kabila la Waberberi wa Afrika ya Kaskazini.

Mwisho ni Abiquiú. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mhandisi wa majengo wa Misri, Hassan Fathy, alisimamia ujenzi wa msikiti wa matofali ya udongo, wenye kuba na matao, akisaidiwa na mafundi wa Kinubi. Wenyeji wa huko nao hujenga kwa udongo, kwa hiyo msikiti haukuwa mgeni katika nchi ile. Chini ya mbingu zake pana tunatarajia kuswali Ijumaa yetu.

Kwa familia zitakazopenda kufuata njia hii, tunakumbusha machache. Njiani tutapunguza Swala za rakaa nne na kuzikusanya kwa mujibu wa Sharia. Lakini Phoenix, tutakakokaa zaidi ya siku nne, tutaswali kamili. Jangwa peke yake si ruhusa ya kutayamamu, maadamu gari lina madumu ya maji. Ruhusa ni kuyakosa maji au kudhurika nayo. Kibla cha Dar es Salaam ni kaskazini, na cha Arizona pia ni kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Tufe la dunia na uzi vitawathibitishia watoto. Katika vyakula, maharage na mikate ya Kimexico ni vya kuulizia, kwani mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe.

Limebaki moja. Mama yetu alituagiza tumpe mjukuu wake kazi. Tukampigia simu tukamwambia, kwa jina lake kamili, kwamba katika safari hii mwadhini ni yeye: atadhini popote wakati utakapotukuta, iwe kando ya barabara au mbele ya watalii. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Sawa, baba mdogo." Jioni ile kaka yetu alituarifu kwamba kijana ameanza kufanya mazoezi chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufikishe salama, aturejeshe salama, na aufungue mlango ule. Amin.